Hodhi la Mwalimu Mstaafu

Wiki ile joto lilikuwa la kumfanya mtu alichukie shati lake mwenyewe. Mabati yalikuwa yanalia ta, ta, ta, tangu asubuhi mpaka jua linazama. Kuku wamejibanza kwenye kivuli cha ukuta, midomo wazi, kama watu wanaosubiri kung'olewa meno. Mishumaa iliyokuwa juu ya kabati la Fundi Koki ilipinda yote, ikainama kama inaomba radhi. Hata mbwa wa jirani, yule mkali, akiona mgeni anafungua jicho moja, anamtazama apite, analifumba. Kubweka kwa kazi gani, na jua lile?

Fundi Koki alikuwa fundi bomba, na jina hilo alipewa na mtaa kwa sababu mifuko yake haikukosa koki. Hata siku ya harusi yake, wakati wa kupigwa picha, koki ilimdondoka kutoka mfuko wa koti, ikalia ng'aa! mbele ya wazee. Mama mkwe wake akaitazama ile koki, akamtazama bwana harusi, akaitazama tena koki. Sasa yale macho ya siku ile, yule mama hakuyabadilisha tena. Wajukuu wamezaliwa, mapacha wa kike, wamekua, wameota meno, yameng'oka, yameota mengine, na macho ni yale yale.

Na huyo mama mkwe ndiye aliyefika Jumapili ya wiki hiyo ya joto, na begi lake na redio yake, akasema kwake hakukaliki, amekuja kupumua kidogo, wiki moja tu. Akapewa chumba chenye dirisha. Fundi Koki, mkewe na mapacha wakahamia sebuleni, chini kwenye mkeka, miguu ya huyu kwenye uso wa yule.

Kitu kimoja kuhusu Mama Mkwe: hakuwahi kumsemesha Fundi Koki uso kwa uso. Alimsemesha kupitia kwa binti yake, hata kama wamekaa watatu kwenye kochi moja.

"Mwambie huyu mtu wako asogee, ananizibia upepo."

"Mama, mimi nakusikia," Fundi Koki anasema.

"Mwambie kama anasikia asogee."

Basi anasogea. Afanye nini?

Jumatatu ndipo hodhi lilipoletwa. Na siyo hodhi la kuwekea akiba ya maji. Hili lilikuwa lile la kuogea, la mtu kujilaza mzima mzima, la chuma, jeupe kwa ndani, lina miguu minne iliyochongwa kama ya simba. Wanaume sita walilibeba, na kila mmoja alimtukana mwenzake njia nzima. Wakaliweka uani, chini ya kamba ya nguo, wakaketi pembeni yake wakihema.

Nyuma yao akaja mwenyewe, na mwavuli wake. Mwalimu Mstaafu. Mwanamke wa mwili, mnene wa kupendeza, aliyekuwa mwalimu mkuu miaka mpaka watu wazima na ndevu zao wakimwona wanatupa sigara. Hodhi alikuwa amelinunua kwenye nyumba ya wageni iliyokuwa inabomolewa. Rangi ya ndani ilikuwa imebanduka sehemu mbili, na bafu la nyumbani kwake lilikuwa bado linawekwa vigae. Ndiyo maana likaja kwa fundi: alizibe, alisafishe, alipime, na Jumamosi saa tisa gari lije kulichukua.

"Fundi," akasema, "nimefundisha maisha yangu yote nimesimama. Miguu hii unaiona? Imesimama mbele ya ubao mpaka imekuwa kama ubao. Nilijiapiza, nikistaafu, nitalala ndani ya maji. Unanielewa?"

"Nakuelewa, Mwalimu."

"Asitie mtu hata kidole. Nataka niwe wa kwanza."

"Mwalimu, hata nzi hatatua."

"Ukinifanyia vizuri, nyumba zote za walimu wastaafu ni zako. Mabomba yetu yote yanavuja, kama sisi wenyewe." Akacheka peke yake, akafungua mwavuli, akaondoka.

Nyumba zote za walimu wastaafu! Hiyo ilikuwa kazi ya mwaka mzima. Fundi Koki alisimama pale uani akawa anaona dari jipya, kitanda kipya, na zaidi ya yote aliona Mama Mkwe akisema, hata mara moja tu, kwamba binti yake hakuolewa na mtu mpumbavu.

"Mwambie huyu mtu wako," ikasikika sauti dirishani, "limeziba njia ya chooni."

*

Jumanne Fundi Koki akaziba zile sehemu mbili, akasugua, akang'arisha. Jumatano ikabidi apime. Kazi ya fundi bomba ndiyo hivyo: chombo ukikiziba unakijaza maji mpaka shingoni, unakiacha siku nzima, unakizunguka kila mara unapapasa chini kama unamtafutia mtoto homa. Kikiwa kikavu, umefaulu.

Maji ya mtaa yalikuwa yanatoka alfajiri tu, kidogo kidogo, lakini nyumba ya fundi bomba haikosi tangi. Akajaza. Maji yakatulia mle ndani, meupe, baridi, yanameremeta. Familia yote ikatoka kuyatazama. Jasho linawatiririka, na maji yale yamelala tu, hayana kazi.

Pacha wa kwanza akasema, "Baba, linavuja?"

"Bado napima."

Pacha wa pili akasema, "Unapimaje na hakuna mtu ndani? Si atalikalia Mwalimu? Na Mwalimu si mzito?"

Fundi Koki akamtazama yule mtoto. Akatazama hodhi. Akamtazama mkewe, na mkewe akatazama pembeni, kwa sababu alishaona kinachokuja.

"Unajua," Fundi Koki akasema polepole, "mtoto ana hoja. Uzito. Lazima lipimwe na uzito. Hiyo ni kazi."

Akavua viatu, akaingia na suruali yake na kila kitu. Alipokaa, akatoa sauti ambayo mkewe hakuwahi kuisikia, si siku ya harusi, si siku mapacha walipozaliwa.

"Linavuja?" mkewe akauliza.

"Sijui bado."

"Sasa je?"

"Subiri. Usiniharakishe, hii ni kazi."

Kufika jioni familia yote ilikuwa imelipima. Mapacha walilipima mara mbili, wakalitilia na tikiti maji lielee, likawa baridi, wakalila wakiwa humo humo, wakiwatemea kuku mbegu. Mke wa fundi alilipima kimya kimya, kichwa amekiegemeza, macho amefumba, mpaka akaulizwa kama ni mzima.

Lakini fundi ni fundi. Aliwapanga mstari akawapa sheria. "Hodhi hili likipata alama ya uchafu, nimekwisha. Sasa anayeoga wa mwisho asikurupuke akatoka. Ukitoka kwanza, utasahau, na ule ukoko wa sabuni unashika ukutani, hautoki tena. Kabla hujanyanyuka, kaa hapo hapo, vuta kizibo. Maji yakiwa yanashuka, wewe unafuta pembeni na kitambaa, unafuta, unafuta, mpaka yaishe. Ndipo unyanyuke. Tumeelewana?"

"Tumeelewana!"

Mpira ukafungwa chini ya tundu, maji yakawa yanakwenda kwenye nyanya za mkewe. Nyanya nazo zikaanza kupata nguvu, wao wote na mimea yao wakawa wanaishi kwa hodhi la mtu.

Mama Mkwe alikuwa amesimama mlangoni muda wote. "Mimi nikae ndani ya majasho ya watu?" akasema, hata hakuna aliyemwalika. "Mwambie huyu mtu wako mimi si shati."

*

Alhamisi mchana joto likazidi. Mke wa fundi alipotoka jikoni akamkuta mama yake amekaa kwenye kigoda kando ya hodhi, miguu yote miwili ndani.

"Mama?"

"Ilikuwa imevimba."

Baada ya kidogo alipotoka tena, kigoda kilikuwa kitupu. Mama Mkwe alikuwa ndani mpaka kidevuni, amevaa shimizi yake, redio iko juu ya kigoda inaimba, na chai ya rangi iko pembeni. Maana yeye alisema chai ya moto ndani ya maji baridi, mwili hautajua ulalamikie nini, utanyamaza.

Tangu hapo hodhi likawa na mwenyewe. Mapacha wakawa wanaomba ruhusa kwa bibi yao. Akafungiwa shuka kwenye kamba ya nguo, likawa pazia, na Fundi Koki akikatiza uani anapita amegeuza uso ukutani kama anahesabu matofali, maana huyo ni mkwe, na mkwe haonwi kwenye maji. Na ile sheria ya kizibo? Hakuifuata hata chembe. Akimaliza anashika kingo mbili, anajiinua na maji yake yanayotiririka, anakwenda zake. Binti yake ndiye anakuja nyuma kuvuta kizibo na kufuta.

"Mama, sheria ni ukae uvute kwanza."

"Mwambie huyu mtu wako mimi nilikuwa naoga kabla hajazaliwa."

Na majirani wakasikia. Joto kama lile, habari za maji zinatembea zenyewe. Wa kwanza kuja alikuwa Dobi, anayefua na kupiga pasi nyumba ya pili. Mtu mwembamba, mpole, na kazi yake wiki ile ilikuwa ni adhabu: pasi ya mkaa chini ya bati. Alikuja na taulo amelikunja vizuri, akapiga hodi kwa adabu.

"Shikamoo, Mama. Nasikia mnapima hodhi. Nikasema labda mnahitaji mtu wa uzito mdogo."

Kutoka nyuma ya shuka: "Wewe si ndiye Dobi?"

"Ndiye mimi, Mama."

"Una mabeseni mangapi?"

"Matatu, na mapipa mawili."

"Basi kajiloweke na mashati ya wateja wako. Hapa si kwa dobi."

Dobi akalikunja taulo lake upya, ingawa lilikuwa limekunjwa, akaondoka. Jioni akaja Cheche, anayechomelea mageti, kijana mwenye mdomo na miwani myeusi kichwani. Naye akafukuzwa, akaambiwa akaoge cheche zake. Fundi Koki alisikia yote hayo akiwa ndani, akajikuna kichwa. Kesho na keshokutwa anaishi na majirani hawa. Lakini nani amwambie?

Ijumaa usiku wakila, mapacha wakasema, "Bibi, hodhi linaondoka kesho." Mama Mkwe akaacha kutafuna. Halafu akasema, bila kumtazama mtu, "Mwambie huyu mtu wako lile hodhi lake lina ubaridi mzuri."

Fundi Koki tonge likamkwama. Lilikuwa neno la kwanza jema tangu harusi. Alipolala pale mkekani, na mguu wa pacha shavuni, alikuwa anatabasamu.

*

Jumamosi asubuhi Fundi Koki akalisugua hodhi mpaka ungeweza kujitazama meno ndani yake. Halafu akaenda dukani kutafuta mpira mpya wa kizibo. Nyuma huku, jua likiwa utosini, Mama Mkwe akatoka na redio yake.

"Mama, limeshasafishwa."

"Mara ya mwisho. Naliaga."

Tangi lote likaishia humo. Akajilaza, akasikiliza nyimbo, akasikiliza na matangazo ya vifo, akanywa chai yake. Na sijui ni kuaga kule, au ni lile tonge la jana lililomkwama mkwewe na yeye akaliona, lakini moyo wake ulilainika. Akajisemea, kijana wa watu amehangaika na hiki chombo. Leo ngoja nifuate sheria yake. Akachukua kitambaa. Akakaa vizuri, akanyoosha mkono chini, akavuta kizibo.

Maji yakaanza kushuka. Akafuta pembeni, akafuta, akafuta. Yalipofika kiunoni akajisikia mzito. Yalipoisha, yakalia glu-glu-gluu kwenye mpira, nyanya zikashiba, Mama Mkwe akashika kingo mbili ajiinue.

Hodhi likakataa.

Lile hodhi lilikuwa pana juu, jembamba chini. Siku zote maji ndiyo yalikuwa yanambeba. Sasa hayapo, na mwili umeshuka, umejaa kule chini kushoto na kulia, umeshikana na kile chuma kama kifuniko cha chupa ya dawa. Akajaribu tena. Goti likamlia.

"Wewe mtoto!" akaita. "Njoo."

Binti yake akaja, akavuta mkono. Akavuta mikono miwili. Mapacha wakaja wakasukuma mgongo. Wapi! Mmoja akasema bibi apakwe sabuni, wakampaka, na Mama Mkwe badala ya kupanda akateleza, akazama zaidi, magoti sasa yanamtazama usoni.

"Basi! Basi! Mtanifikisha kwenye nyanya!"

Ndipo Fundi Koki akaingia, mpira mpya mkononi. Akasikia vilio nyuma ya shuka. "Kuna nini?"

Mkewe akatoa kichwa. "Mama amekwama."

"Amekwama wapi?"

"Wapi kwingine? Ndani ya hodhi! Saa ngapi sasa hivi?"

Saa nane ilikuwa imeshapita. Mwalimu anakuja saa tisa. Fundi Koki akakaa chini kwenye jiwe la kufulia kama mtu aliyekatwa miguu.

"Nani ametoa maji?" akauliza.

"Ni yeye. Amevuta kizibo kabla ya kunyanyuka."

"Kwa nini?"

Kutoka nyuma ya shuka ikaja sauti nzito, ya taratibu: "Mwambie huyu mtu wako nimefuata sheria yake. Mara ya kwanza katika maisha yangu namsikiliza. Sasa aje aone matunda yake. Asije aone! Akae huko huko. Lakini aone."

*

Kelele zilikuwa zimeruka ukuta. Cheche akatokea getini na msumeno wake wa umeme, waya ameuzungusha shingoni, miwani imeshashuka machoni. Alikuwa amefurahi mpaka anaona haya.

"Nimesikia kuna mtu wa kukatwa. Yaani, hodhi la kukatwa. Nikate?"

"Ukate nini? Hodhi la Mwalimu?"

"Pembeni tu hapa. Mama ainue mguu kidogo nisimguse."

"Angeweza kuinua mguu angekuwa humo?" Fundi Koki akasema.

"Nani huyo?" sauti ikatoka. "Ni yule wa cheche? Mwondoeni! Bora nizeekee humu!"

Fundi Koki akashika kichwa. Hodhi likikatwa, Mwalimu kwisha, nyumba za walimu kwisha. Lisipokatwa, Mwalimu atamkuta mama wa watu amejaa ndani ya ndoto yake. Na kuingia mwenyewe kumvuta hawezi. Huyo ni mkwe, labda fundi mwenyewe afe kwanza. Akatazama mpira ule unaokwenda kwenye nyanya, umelegea, hauna kitu. Akasimama.

"Mke wangu, rudisha kizibo. Kaza. Maji ndiyo yalikuwa yanamnyanyua, maji ndiyo yatamtoa. Anahitaji kuelea."

"Maji yako wapi? Tangi limekauka. Bombani mpaka alfajiri."

Wote wakawaza kitu kimoja. Mapipa mawili. Mabeseni matatu.

Dobi alikuwa anapiga pasi shati jeupe, jasho limemlowesha mpaka mkanda. Alimsikiliza Fundi Koki mpaka mwisho, hakuacha kupiga pasi. Akapiga kola, akapiga mkono wa kushoto, akapiga wa kulia.

"Fundi, wewe huna tatizo na mimi. Wewe ni jirani. Lakini mimi niliambiwa nikajiloweke na mashati."

"Najua."

"Nilikuwa na taulo safi, fundi."

"Nililiona. Najua."

"Aniombe mwenyewe. Kwa mdomo wake. Siyo kupitia kwa mtu."

Wakarudi pamoja. Dobi akasimama mbele ya shuka, mikono nyuma, kama mtoto aliyeitwa ofisini. Fundi Koki akasema, "Mama, Dobi yupo hapa. Maji anayo. Anasema umuombe."

Kuku wakahema. Redio ikatangaza saa nane na nusu, kwa furaha ambayo haikuwa na mahali pake.

"Mwambie..." Mama Mkwe akaanza.

"Mama, umuombe wewe mwenyewe," binti yake akanong'ona. "Siyo niambiwe mimi."

Ikasikika pumzi ndefu, ikigonga chuma.

"Dobi."

"Naam, Mama."

"Lile taulo lako lilikuwa zuri."

"Asante, Mama."

"Nisaidie maji, mwanangu. Joto lilinipanda kichwani."

Dobi akasafisha koo, akatazama juu, akatazama chini. "Na mimi nusu saa yangu?"

"Hata saa nzima! Leta maji!"

*

Mtaa ukajipanga. Dobi anachota, Cheche amelaza msumeno chini anabeba ndoo mbili mbili, mapacha wanabeba moja wakimwaga nusu njiani. Mke wa fundi anapokea kwenye shuka, anamwaga. Maji mengine yalikuwa na povu, na mengine yalikuwa na buluu ya mashati, Mama Mkwe akaanza kugeuka rangi ya anga.

"Hii ya baridi!" "Hii imetoka juani, mmh!" "Nani ametia soksi humu?"

"Samahani, Mama," Dobi akasema, "ya mteja hiyo. Naomba uishike."

Na katikati ya hapo, honi. Gari limefika getini, na mwavuli ukatangulia kuingia. Watu wote na ndoo zao wakasimama pale walipo. Cheche, mtu mzima, akaficha ndoo mgongoni.

Mwalimu Mstaafu akatazama mstari wote, kutoka ndoo ya kwanza mpaka shuka.

"Fundi. Nini hiki?"

"Mwalimu," Fundi Koki akasema, na sauti ikamtoka nyembamba, "bado napima."

Mwalimu akafunga mwavuli, akaenda, akafunua shuka, akaingia. Shuka likarudi nyuma yake.

"Wewe ni nani?" ikasikika sauti ya Mwalimu.

"Mimi ni mama mzazi wa mke wa fundi. Na wewe?"

"Mimi ndiye mwenye hodhi."

"Aa. Basi karibu."

Ncha ya mwavuli ikagonga chuma.

"Limekushika wapi?"

"Hapa. Na hapa. Na huku siwezi kukuonyesha."

Fundi Koki hakuwa anamwona Mwalimu, lakini mkewe, aliyekuwa mle ndani na ndoo, alisema baadaye kwamba Mwalimu alimtazama mama yake kiuno, halafu akajitazama kiuno chake mwenyewe, polepole, kama mtu anayesahihisha jibu lake mwenyewe na kulikuta lina kosa.

"Maji yamefika wapi?" Fundi Koki akaita.

"Kwapani!" mkewe akajibu.

Akasogea mpaka shuka likamgusa pua. Akafumba macho, ingawa shuka lilikuwepo. "Mama. Usijivute. Ukijivuta unajikaza. Vuta pumzi, jaza kifua. Jiachie kama unalala. Halafu geukia ubavu, ubavu wa kulia, maji yaingie chini yako."

"Mwambie nitazama."

"Huzami, Mama. Nipo hapa."

Mama Mkwe akavuta pumzi. Akajiachia. Akageuka. Na hodhi likatoa sauti, puu! kama soda iliyofunguliwa, na maji yakaruka juu ya shuka yakamwagikia Fundi Koki usoni. Mtaa ukapiga kelele kama timu imefunga bao. Cheche akamkumbatia Dobi. Soksi ikapatikana.

*

Mwalimu alitoka akakaa kwenye kigoda, akajipepea kwa mkono. Fundi Koki akasimama mbele yake, amelowa, mikono imelala.

"Uliniapia hata nzi."

"Nilikosa, Mwalimu. Sina cha kusema."

"Familia yote?"

"Yote, Mwalimu. Na tikiti maji."

Mwalimu akatikisa kichwa. Alikaa muda akitazama zile ndoo, zile za plastiki, za rangi hii na rangi ile, zimetapakaa uani. "Mimi naishi peke yangu, fundi," akasema kwa sauti ya chini. "Ningelala humo, nikavuta kizibo. Nani angekuja na ndoo?"

Fundi Koki hakujua aseme nini, akanyamaza, na hilo lilikuwa jambo la busara kuliko yote aliyofanya wiki ile.

"Nijengee kiti," Mwalimu akasema. "Kiti cha saruji, kipana, bafuni kwangu, na maji yanimwagikie kutoka juu nikiwa nimekaa. Kiwe na mahali pa kushika huku na huku. Unaweza?"

"Naweza, Mwalimu!"

"Hodhi baki nalo, bei yake tutaikata kwenye malipo ya ufundi wako. Wenzangu nao wasinunue mahodhi. Nitawaambia kila mmoja ajengewe kiti. Wote wana umbo kama langu." Akanyanyuka, akashika mwavuli wake, akapiga hatua mbili kuelekea getini. Halafu akasimama. Akageuka. "Maji bado yamo?"

"Yamo, Mwalimu. Yana buluu kidogo."

"Hamna neno."

Basi Mwalimu Mstaafu akaingia nyuma ya shuka, na dereva wa gari akaambiwa asubiri. Ikasikika ile sauti, ile ile aliyoitoa Fundi Koki Jumatano, ila hii ilikuwa imesubiri maisha mazima. Mama Mkwe, amejifunga shuka lingine, alikaa pembeni kwenye kigoda akamwekea chai, mkono wake mmoja ameuzamisha ndani amekishika kizibo.

"Usikiguse hiki," akasema. "Mimi nimejifunza."

Nje, Dobi alikuwa amesimama na taulo lake, wa kwanza kwenye mstari.

*

Jumapili asubuhi wiki ilikuwa imetimia. Fundi Koki alikuwa na moyo mweupe. Alishatafuta usafiri, uko getini. Alishapangusa begi la Mama Mkwe vumbi, akaliweka mlangoni na kubandika tabasamu la kuaga. Chumba chenye dirisha alikuwa ameshakitandika mwenyewe. Akatoka uani, akageuza uso ukutani kama kawaida.

"Mama, usafiri umefika."

Nyuma ya shuka maji yakacheza kidogo. Redio ikapunguzwa.

"Mwanangu," akasema Mama Mkwe.

Fundi Koki akashtuka. Akatazama huku na huku kama kuna mtu mwingine. Mkewe alikuwa jikoni. Alikuwa anasemeshwa yeye, moja kwa moja, na ameitwa mwana. Machozi yakamlenga.

"Naam, Mama."

"Nilikuwa nakuchukulia vibaya. Jana nimeona. Mikono yako ina akili."

"Asante, Mama. Asante sana."

"Nimefikiri usiku kucha. Kule kwangu ni joto tupu, na sina mtu wa kuniletea ndoo. Mwambie huyo mwenye usafiri aende zake. Mimi nitakaa hapa mpaka mvua zianze."

Fundi Koki akabaki ameshika ukuta. Taratibu akainua kichwa akatazama juu, akatazama upande huu, akatazama na ule. Mbinguni hapakuwa na wingu hata la kufutia pua.